Machozi ya Sheikh Thabiti

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji wa Wasit, nchi ya Iraki, aliishi mcha Mungu aitwaye Sheikh Thabiti bin Ghalib. Alikuwa mtu wa kulia. Alilia akisalisha, alilia akitengewa chakula, akakonda hata kanzu ikamning'inia. Watu wakasema, "Huyu ni walii, analia kwa hofu ya Mola wake." Wakawa wanagombania vitambaa alivyofutia machozi, wapate baraka.

Mwenyewe alijua kuwa sivyo. Moyoni mwake hamkuwa na hofu, wala shauku, wala tumaini. Kwa siri alikwisha kumwendea Sarjuni, tabibu Mnasara aliyesoma vitabu vya Wayunani, naye akamwambia, "Sheikh, haya ni maradhi. Wayunani waliyaita malinkhulia, maana yake nyongo nyeusi. Walisema nyongo hiyo ikizidi mwilini, mvuke wake hupanda kichwani ukamtia mtu giza. Humpata mwema na mwovu, kama homa."

Thabiti akashukuru, akarudi msikitini, akanyamaza. Heshima ni vazi zito kulivua.

Ijumaa moja baada ya sala, watu wakiwa bado wamemzunguka, akaja Lubaba, mke wa mfinyanzi.

"Sheikh wangu, mume wangu Asim hali, hafinyangi. Amelala kaelekea ukutani, analia. Majirani wanasema amefikia daraja yako, nisimsumbue kwa chakula. Nimekuja uniambie: nifurahi?"

"Akilia, humtaja Mola?"

"Hataji kitu. Jana kasema heri asingezaliwa."

Sheikh akawatazama wanafunzi wake, kisha akamtazama yule mwanamke aliyekauka midomo kwa wasiwasi.

"Usifurahi, binti yangu. Mumeo anaumwa, na mimi naumwa hayo hayo. Jina lake malinkhulia, si uwalii. Nililijua nikalificha. Mola anisamehe."

Mwanafunzi mmoja akapaza sauti, "Sheikh, unyenyekevu huu umepita kiasi!"

"Si unyenyekevu, mwanangu. Ni kweli."

Akafuatana na Lubaba mpaka nyumbani, akaketi chini kando ya kitanda. "Asim, hata mimi ziko asubuhi natamani nisiamke." Mfinyanzi akageuza uso, akamtazama. Ndipo akakubali kunywa supu vijiko viwili, kisha wakaenda kwa Sarjuni pamoja.

Asim alirudi kwenye udongo wake kabla mwaka haujaisha. Sheikh alikawia kupona, na wanafunzi wengi walimhama. Siku alizozidiwa alisema waziwazi, "Leo siwezi," akasalisha mwingine, naye akasali nyuma yake, safu ya mwisho, akiwa ametulia kuliko alivyopata kutulia alipokuwa mbele.

Ndugu zanguni, anayemwita mgonjwa kafiri humnyima huruma, na anayemwita walii humnyima dawa. Mola ndiye ajuaye yaliyomo vifuani; sisi tuulizane hali, na tujibiane kweli.