Mafundi wa Redio na Maziko ya Bi Zaituni

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ya juzijuzi, kompyuta ya redio ya mji mmoja wa wafugaji iligoma kuwaka asubuhi moja, na sauti zote za redio zilipitia humo. Asubuhi hiyohiyo Bi Zaituni akafariki. Maziko yakapangwa baada ya Adhuhuri. Mwanawe wa pekee, Idrisa, alikuwa machungani kusikoshika simu. Habari zingeweza kumfikia kwa redio tu.

Meneja, Bi Nyamizi, akaita mafundi wawili, kila mmoja na kompyuta yake. "Atakayerusha tangazo la msiba ndiye fundi wangu," akasema.

Wote walitumia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta wenye aina nyingi, na wote waliringa. Sefu alileta ile iliyo tayari: unabonyeza "Endelea", unabonyeza "Endelea", unakunywa chai. Kibwana alileta ile ya kujijengea kipande kwa kipande. Huyo angeweza, angelima ngano kwanza ndipo ale chapati.

"Wewe umepakuliwa sahani," akasema Kibwana.

"Na wewe bado unatafuta kuni," akajibu Sefu.

Chai haijapoa, Sefu akamaliza. Kompyuta ikawaka, ikapendeza, ikawa bubu. Akabonyeza "Endelea". Bubu. Akazima, akawasha. Bubu.

Kibwana akachungulia, akacheka. "Ni amri moja tu ya kuandika hapo. Sema 'sijui' mbele ya watu, nikuonyeshe."

Sefu akabonyeza "Endelea" tena. Afadhali mji mzima ukose sauti kuliko yeye kutamka neno hilo. Kibwana naye akarudi kuchagua rangi ya maandishi ya skrini yake. Bi Nyamizi akatazama huku, akatazama kule. "Mashindano ni mashindano," akasema.

Kompyuta ya Kibwana ilitoa sauti Alasiri, safi kabisa, ikitangaza maziko yaliyokwisha. Idrisa akasikia, akaja mbio, akakuta udongo mbichi. Hapo mimi sicheki, inaniuma.

Sasa yuko mlangoni mwa redio. Hapigi kelele. Anauliza ni nani aliyemnyima kumzika mama yake.

"Mimi nilimaliza mapema," anasema Sefu. "Aliyejua dawa aliificha."

"Mimi ndiye niliyetoa sauti," anasema Kibwana. "Aliyehitaji dawa hakuiomba."

"Mimi kompyuta sizijui," anasema Bi Nyamizi. "Niliwaachia wanaojua."

Mlango ni mmoja, na wote watatu wako nyuma yake wakisukumana. Je, nani anastahili kutoka kumjibu Idrisa?