Mkate Uliookwa Bila Sala

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia katika imani, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja mdogo wa Misri, ukingoni mwa mto Naili, palikuwa na mjane mcha Mungu aliyeitwa Eufemia. Kazi yake ilikuwa kuoka mkate wa altare, ule unaomegwa katika ibada. Na msidhani ilikuwa kazi ya kubahatisha! Desturi ya Wakristo wa mji ule ni kwamba mwokaji huamka alfajiri siku ileile ya ibada, hajatia kitu kinywani, na tangu anapoanza kukanda unga hadi anapougonga muhuri wa msalaba, huusomea zaburi. Kisha huupeleka mkate mlangoni pa kanisa, na kasisi humwuliza mbele ya watu wote, "Umeuombea?" Naye hujibu, "Nimeuombea." Hapo ndipo mkate huingia.

Miaka kumi na mmoja Eufemia alijibu hivyo. Lakini moyo wake, jamani, haukuwa na raha hata kidogo. Kila akiitazama mikono yake yenye unga alijiona si kitu si chochote. Alisadiki kwamba Mungu yuko huko jangwani, kwa watawa waliojitenga na dunia, na kwamba yeye aliyebaki na kuni na chekeche amekosa bahati. Mara tatu aliomba apokewe katika nyumba yao, na mara tatu akaambiwa asubiri. Basi mwaka ule, karibu na Pasaka, ikaja habari: Mama Marana, mkuu wa watawa wale, atasali Pasaka palepale mjini, na akiondoka ataondoka na Eufemia!

Furaha gani hiyo! Asubuhi ya Pasaka Eufemia alikanda unga huku miguu haikai chini. Aliwaza joho atakalovaa, chumba atakacholala, na ukimya atakaoufaidi. Akagonga muhuri, akatia tanurini, na mkate ukatoka umeumuka na kuiva vizuri ajabu. Jirani yake Nonna, aliyekuja kumsaidia kubeba, akaunusa. "Leo umetuweza, shoga," akasema.

Ndipo Eufemia alipojishika kifua. Hakuwa amesoma zaburi. Si moja, si nusu.

"Nonna! Mkate huu sikuuombea!"

"Uombee sasa."

"Umeshaiva."

"Basi nyamaza! Watu wamefunga Kwaresima nzima, wako mlangoni wanasubiri, na Mama Marana yuko papo hapo. Ukisema hivyo leo, unadhani atakuchukua? Jibu kama siku zote. Nani atajua?"

Maneno yale yalimwingia. Alilolingoja miaka yote lilikuwa hatua mia moja tu kutoka pale, na neno moja lingetosha kulipata. Akauchukua mkate, akaenda nao.

Watu walikuwa wamejaa, nyuso zinang'aa. Kasisi Paisi akasimama kizingitini.

"Umeuombea?"

Nonna akamfinya kiunoni.

"Sikuuombea, Baba."

Lo! Mnong'ono ukapita kuanzia mlangoni hadi barabarani. Mzee mmoja mwenye punda akaguna kwa sauti, "Ee Mungu wangu, na njaa yote hii!"

"Ulikuwa wapi, mwanangu?" kasisi akauliza kwa upole.

"Nilikuwa jangwani, Baba." Machozi yakamtoka. "Na si leo tu. Miaka kumi na mmoja midomo inasoma zaburi, mimi mwenyewe sipo. Nimekuwa nikiona haya kuwa mimi."

Hakuthubutu kumtazama Mama Marana. Alijua amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

"Rudi ukaoke mwingine," kasisi akasema. "Sisi tutangoja."

Lakini nani angengoja kanisani? Wote wakamfuata, wakajaa uani kwake. Eufemia akanawa, akachota unga, akaanza zaburi ya kwanza. Safari hii hakuwa na pa kwenda, maana jangwa lenyewe alishalipoteza. Akaukanda unga akimwombea Nonna na magoti yake mabovu, na yule mzee mwenye punda aliyemzika binti yake mwaka uliopita. Na hapo, wapendwa, hapohapo penye moshi na majivu, amani ikamshukia! Hakuona malaika wala hakusikia sauti. Alijua tu, wazi kabisa, kwamba Bwana yupo, na kwamba anamjua kwa jina lake, Eufemia, mwenye unga hadi viwikoni, na anapendezwa naye vivyo hivyo alivyo. Akacheka huku analia. Akapaza zaburi, mmoja akaitikia, kisha ua mzima ukaitikia, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka kuku wakatimka!

Jua lilikuwa utosini walipokuja kuumega mkate ule, na hakuna aliyenung'unika tena.

Baada ya ibada Mama Marana alimwendea. Eufemia akapiga magoti akitaraji kukemewa, lakini yule mama akamwinua.

"Nimekaa jangwani miaka arobaini," akasema, "na leo nimekuonea wivu. Punda wetu wameshatandikwa, binti yangu. Twende zetu."

Eufemia akambusu mkono. "Ahsante, Mama. Niombee. Ila Jumapili ijayo watu hawa watataka mkate, nami ndiyo kwanza nimeanza kuuoka."

Wapendwa, wangapi kati yetu tunamtafuta Mungu katika maisha ya mtu mwingine? Kesho asubuhi atakuja kwako hapo ulipo, jikoni, shambani, dukani. Tumwombe atukute tupo. Amina.