Makofi ya Jumatatu

Hebu tujenge picha akilini pamoja, wapendwa. Chumba kirefu, vyerehani kumi na viwili, bati juu, joto. Ni Jumatatu asubuhi. Mafundi wa kushona sare za shule wamesimama, na msimamizi wao anatabasamu, maana kila Jumatatu humwita fundi aliyeshona vizuri kuliko wote wiki iliyopita. Fundi huyo huja mbele, husema maneno machache, kisha hupigiwa makofi mpaka bati liitike.

Jambo jema, sivyo?

Sasa mtazameni yule mama aliyejibanza karibu na rundo la vitambaa. Kwa kushona kola, hakuna aliyemfikia. Lakini alikuwa na hofu ya watu. Sisemi haya ya mtoto anayejificha nyuma ya kanga ya mama yake. Nasema hofu inayompotezea mtu maneno yote, akitazamwa tu. Alfajiri, akikoroga uji wa wanawe watatu, alifanyia mazoezi salamu ya kumpa mlinzi wa getini. Njiani aliirudia. Akifika, mlinzi anamwahi, "Leo umewahi, mama!", na salamu yote inapotea. Siku nzima anajilaumu. Wenzake walichoka jioni. Yeye alifika kazini ameshachoka.

Aliwahi kuitwa mbele mara moja. Alisimama, mdomo ukagoma. "Jamani, bubu wetu huyo!" mmoja akatania, na wote wakacheka, bila ubaya wowote. Tangu hapo, kila Jumamosi wenzake wakienda kunywa chai, alitoa wembe kwenye mkebe, akafumua kola zake nzuri tatu au nne, akazishona upya zikiwa zimepinda.

Mmeelewa alichokuwa akifanya? Aliharibu kazi yake ili asisifiwe.

Haikuchukua muda, mashati yakarudishwa na shule. Msimamizi akasimama mbele ya cherehani cha yule mama.

"Mama, hizi kola ni zako?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Ulikuwa fundi wangu wa kwanza! Mashati yakirudi tena, utakwenda nyumbani, sitakuwa na la kufanya. Sema basi, kuna nini?"

Alitaka kusema. Aliwaza uji wa wanawe. Maneno alikuwa nayo, ameyapanga wiki mbili nzima, lakini yalipotea kama ile salamu ya getini.

Jirani yake, mama mmoja asiyejua kunyamaza, akasimamisha cherehani. "Bosi, usimwonee mwenzio. Kola zake hazipindi. Anazipinda mwenyewe, nilimwona Jumamosi na wembe."

"Mtu mzima afumue kazi yake? Kwa nini?"

"Anaogopa makofi yako."

Msimamizi akaangua kicheko. Kisha akamwona yule mama alivyoshikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili, kicheko kikamwisha.

"Makofi yangu," akasema polepole. "Na mimi nilidhani namheshimu."

Jumatatu iliyofuata waliopenda makofi walipigiwa. Yule mama alikuta juu ya meza yake kola aliyoishona mwenyewe, imewekwa alama ndogo ya vema kwa chaki. Basi. Akaigusa kwa kidole, akakaa, akaanza kushona. Jumamosi ile wembe haukutoka kwenye mkebe.

Naona mnamhurumia. Naona mnamshangaa msimamizi, muda wote ule hakuona. Haya, niambieni: leo asubuhi, humu humu kanisani, ni nani aliyesema, "Wageni wetu wasimame wajitambulishe"? Ni mimi. Ni akina nani waliogeuka wote kutazama nyuma, wakisubiri kupiga makofi? Ni ninyi. Na yule dada wa benchi la mwisho aliyeinama, akachukua mkoba wake, akatoka? Nilisikia mtu akinong'ona, "Ana maringo."

Hana maringo, wapendwa. Tulimtoa sisi, tukidhani tunamkaribisha.

Jumapili ijayo sitamsimamisha mtu. Anayetaka kusema jina lake, atatuambia. Nanyi mkirudi nyumbani, nawaomba mkumbuke kitu kimoja tu: kati yetu yupo ambaye kwake kutoka mlangoni mpaka kwenye benchi ni safari ndefu, na akifika ameshachoka. Sogeeni kidogo, mwacheni akae.