Dabaso na Mama wa Sakafuni

Dabaso alikuwa bingwa wa kuota mchana. Asubuhi, Mlima Kenya unapochungulia kidogo kabla ya mawingu kuufunika, na upepo wa Isiolo unapoanza kuinua vumbi la mtaa wa Bulla Pesa, yeye husimama mlangoni mwa kwao na mswaki mdomoni, macho yako mbali. Mwili ulikuwa hapo, roho ilikuwa imekwisha kutangulia. Ilikuwa ikitembea katika wodi ndefu yenye mapazia ya buluu, imevaa sare nyeupe isiyo na doa, na kifuani ina beji inayosema kwamba huyu ni muuguzi aliyesajiliwa. Wagonjwa waliinua vichwa kutoka kwenye mito wamtazame. Madaktari walimpisha njia. Mswaki nao ulikauka mdomoni.

"Dabaso," mama yake angeuliza kutoka jikoni, "umelala wima tena?"

"Nawaza, mama."

"Waza ukifagia."

Tusimcheke. Nani hajawahi kujilisha ndoto za alinacha? Tena ndoto ya Dabaso haikuwa ya bure, maana alikuwa mwaka wa nne wa shahada ya uuguzi chuo kikuu, na vitabu alikuwa amevimeza vyote. Mifupa, mishipa, dawa na vipimo vyake, ukimwuliza anakujibu hata usingizini. Mbele yake palibaki mtihani wa vitendo wa ukunga, kisha mwaka wa mafunzo kazini, kisha mtihani wa leseni, ndipo jina lake liingizwe miongoni mwa wauguzi wa nchi.

Ila alikuwa na kasoro moja, na kila mwenzake aliijua. Dabaso hakupenda kuinama. Sare yake aliipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama yenyewe, na tangu aivae hadi aivue alitembea kama aliyebeba mtungi wa maji kichwani. Kitu kikianguka, alimwita mwingine akiokote. Mgonjwa akitapika, yeye alikuwa hatua mbili nyuma. Na ingawa Kiborana alikinyonya pamoja na maziwa ya mama, wodini hakikumtoka hata kwa bahati mbaya. Aliwahoji kina mama wa malishoni kwa Kiswahili cha darasani, amesimama, kalamu mkononi, wao wakimtazama kutoka chini.

"Muuguzi lazima aheshimike," alipenda kusema. Ni kweli, heshima ni kitu kizuri. Shida ni kwamba yake aliitafuta kwenye pasi.

Sasa sikiliza jambo lililomweka roho juu. Mtihani ule wa ukunga alikuwa ameshauanguka mara moja. Mtahini alimwuliza swali, yeye akawa amekwisha kwenda zake kwenye wodi ya mapazia ya buluu, na aliporudi swali lilikuwa limempita. Chuo kilimpa nafasi ya pili. Ya tatu haikuwepo. Akianguka tena, miaka yote ile ingekwenda na maji, na beji ingebaki huko huko ndotoni.

Siku ilipofika, ilikuwa adhuhuri ya joto lile la Isiolo linalofanya hata kunguru anyamaze. Katika wodi ya uzazi feni ilizunguka polepole darini, mwanga ukaingia dirishani ukiwa mweupe na mzito, na kila kitu kikaonekana kama kimefunikwa na shashi. Kwenye kiti cha pembeni aliketi Mwalimu Gatakaa, mhadhiri kutoka upande wa Meru, mwanamke ambaye siku ya mtihani hungemtoa tabasamu hata ungemtekenya. Alikuwa na karatasi gotini. Kazi yake ilikuwa kutazama na kuandika, si kusaidia.

Mgonjwa wa Dabaso aliitwa Mako. Alikuwa ameletwa kutoka Merti kwa pikapu, safari ya kuvunja mgongo, na uchungu ulikuwa umemwanzia njiani. Kitanda alipewa, kizuri, kimetandikwa shuka safi. Lakini Mako alikuwa ametandaza leso yake sakafuni kando ya kitanda, ameketi hapo na mgongo ukutani, na kikombe chake cha chai ya maziwa kilikuwa kimepinduka, chai imetambaa hadi karibu na viatu vyeupe vya Dabaso. Dabaso akarudi nyuma kidogo.

"Habari, mama. Panda kitandani, tafadhali."

"Salaam aleikum," Mako alisema kwa upole, kama anayemkumbusha mtoto.

"Aleikum salaam. Panda kitandani."

"Hii kitanda yenu iko juu sana, sista. Mimi nikianguka? Hapa chini ni mzuri."

Dabaso alimtupia mwalimu jicho. Mwalimu aliandika kitu. Kijasho chembamba kilimteremka binti wa watu, naye akaona afadhali aendelee na maswali yake kwa mpangilio aliofundishwa.

"Mama, umewahi kuzaa mara ngapi?"

Mako aliangalia mikono yake. "Ni hii tu."

"Hii ni mimba ya kwanza?"

"Ni hii tu," alirudia, akageuza uso ukutani.

Dabaso akaandika kwamba mimba ni ya kwanza. Hapo hapo kitu kidogo kilimgusa moyoni. Mwanamke huyu hakuwa msichana. Aliupokea uchungu ulipokuja bila kushtuka, akapumua nao, akauacha upite, kama mtu anayemfungulia mgeni aliyezoea kufika. Nguo ya mtoto alikuwa amekwisha kuikunja vizuri pembeni. Lakini joto lilikuwa tamu, feni ilikuwa ikiimba, na Dabaso akajiona tena katika wodi ile ndefu, mara hii akipokea beji mbele ya watu, baba yake, Abduba, amevaa kofia mpya, mama akipangusa macho. Ilikuwa ndoto nzuri ajabu. Alitembea ndani yake mpaka katikati, akitafuta wagonjwa wake, na kwa mara ya kwanza akagundua kwamba vitanda vyote vilikuwa vitupu.

Alizinduka. Mako alikuwa akimtazama kutoka sakafuni.

"Mama," alisema, na sauti yake mwenyewe akaisikia jinsi ilivyokauka, "nataka ukweli. Una watoto wangapi?"

"Mungu anajua."

"Mungu anajua, lakini mimi sijui."

Mako aligeuza tena uso ukutani. Na hapo, jamani, ndipo Dabaso alipoona aibu mpaka masikio yakamwasha. Yeye, Mborana, mjukuu wa mchunga ngamia, alikuwa amemwuliza mama wa Kiborana swali ambalo haliulizwi. Kwao mtu hahesabu watoto wake, wala hahesabu ngamia wake. Kuhesabu ni kuanika, na kilichoanikwa huita jicho baya. Bibi yake alikuwa amempiga vidole utotoni kwa kuhesabu mbuzi wakiingia zizini. Aliyajua yote haya, ila aliyavua kila alipovaa sare. Mako hakuwa mwongo hata chembe. Alikuwa akiwakinga wanawe, kama mama yeyote mwenye akili angefanya.

Kutoka pale aliposimama, jibu asingelipata hata angeuliza mpaka jua lizame. Dabaso aliitazama sare yake. Aliitazama ile chai sakafuni. Alimtazama mwalimu, aliyekuwa ameinua kalamu anasubiri. Kanuni ya mtihani ilikuwa wazi kwamba mgonjwa ahojiwe akiwa kitandani. Liwe liwalo, akasema moyoni, akapiga magoti. Chai ilipenya kwenye kitambaa cheupe, vuguvugu, akaisikia magotini, na cha ajabu ni kwamba haikumuuma. Akakaa kabisa, bega kwa bega na Mako, migongo yao yote ukutani.

Akaanza upya, kwa Kiborana, kwa salamu ndefu ya nyumbani. Ni amani? Ni amani. Mifugo ni amani? Ni amani. Mvua imenyesha huko? Imenyesha kidogo, ng'ambo ya mto. Nyasi je? Zinaota. Salamu hizo hazina haraka. Kila moja hufungua mlango wa nyingine, na Mako alipokuwa akijibu, mabega yake yalishuka na uso wake ukamgeukia.

"Na wewe uko huku," Dabaso aliuliza, "ngamia wameachiwa nani?"

"Kijana yangu mkubwa," Mako alisema, akichanganya Kiborana na Kiswahili chake. "Huyo ni mwanaume sasa."

"Na ng'ombe?"

"Yule anamfuata. Mwingine yuko shule hapo Merti, huyo anapenda kitabu kama wewe."

"Nani anapika?"

"Iko msichana. Na dada yake anateka maji. Ndama wanaangaliwa na mapacha, lakini hao ni kucheza tu." Mako alicheka, akashika tumbo.

Dabaso hakuhesabu kwa mdomo. Mkono wake ulikuwa umefichwa chini ya ncha ya leso, na vidole vilikuwa vikijikunja kimoja kimoja. Vya mkono ule viliisha, akaendelea na vya mkono mwingine. Ilikuwa kama kusikiliza hadithi ya usingizini, watoto wakipita mbele yake mmoja mmoja kwenye mwanga ule mweupe, na ndama wao na vibuyu vyao, mpaka akawaona kuliko alivyowahi kuiona ndoto yoyote.

"Na yule mdogo kabisa? Anamlilia nani?"

Mako aliushika mkono wa Dabaso.

"Huyo ni mzima, lakini kuzaliwa kwake kuliniacha na damu," alisema kwa sauti ya chini. "Alitoka vizuri, halafu damu ikakataa kusimama. Mimi nikaona giza. Walinibeba na lori ya mbuzi, wakasema nimeshakufa. Ndiyo maana nimekuja hapa. Lakini sikutaka kuitaja, sista. Kitu ukiitaja inarudi."

Dabaso alihisi baridi katikati ya joto lile. Mama aliyezaa mara nyingi, aliyewahi kutokwa damu nusura afe, na kwenye karatasi yake ameandikwa kama mwali anayezaa kwa mara ya kwanza. Kizazi kilichochoka hivyo huenda kisijikaze baada ya mtoto kutoka, na damu haimsubiri mtu. Alinyanyuka, magoti yake yana rangi ya chai.

"Mwalimu, nilikosea. Naomba kufuta nilichoandika."

"Ukifuta, nitaandika kwamba umefuta," Gatakaa alisema bila kuinua macho. "Unajua hii ni nafasi yako ya mwisho."

"Najua."

Akafuta. Kisha akafanya kazi kama mtu aliyeamka kweli. Alimwita daktari na kumweleza kwa maneno machache. Alimwekea Mako dripu, akatoa damu ya kupimwa kundi ili nyingine itafutwe mapema, akaitayarisha dawa ya kukaza kizazi ikae karibu. Alipomaliza, akainama tena.

"Mama, damu ile ikirudi, nitakuona vizuri zaidi ukiwa juu. Nishike shingo. Huanguki, niko nawe."

"Sasa sawa," Mako alisema. "Sasa napanda." Akamzungushia mkono shingoni, wakainuka pamoja.

Mtoto alizaliwa jua likianza kulegea, msichana mwenye nywele tele, akalia kama anayedai haki yake. Na damu ilirudi. Ilikuja kwa nguvu, kama Mako alivyohofia, lakini safari hii ilikuta watu wanaingoja. Dawa iliingia mara moja. Mkono wa Dabaso ulikuwa juu ya tumbo, ukikanda, ukikanda, daktari yuko ng'ambo ya pili, na chini ya kiganja akasikia kizazi kinaanza kuwa kigumu, polepole, kama unga unaoshikana kwenye sufuria. Damu ikapungua, kisha ikasimama. Mako hakuona giza. Aliona binti yake amelazwa kifuani, akamnusa kichwani.

Dabaso alitoka nje hadi kwenye veranda. Sare ile nyeupe ilikuwa na chai na damu na maji ya uzazi, na hapakuwa na mkunjo hata mmoja uliosimama. Mwalimu Gatakaa alimfuata nje na karatasi yake.

"Umefuta maandishi. Nimekata alama," alisema. "Ulimhoji mgonjwa sakafuni wakati mtihani unasema kitandani. Nimekata tena. Mwanzoni ulisimama unaota huku mgonjwa yuko chini; hapo nimekata nyingi."

Dabaso aliumeza uchungu wake. Alikuwa tayari kuuliza kama ataruhusiwa kumuaga Mako kabla hajaondoka.

"Limebaki swali la mwisho, nalo nalijali kuliko yote," mwalimu akaendelea. "Mama na mtoto wako wapi?"

"Wamelala, mwalimu. Wote wawili."

"Basi umepita. Umepita kwa kuponea tundu la sindano, lakini umepita."

Dabaso alilia, na hakujificha. Alilia kwa furaha, na kwa hofu iliyochelewa, na kwa ajili ya wale wote wa nyumba ya Mako ambao jioni ile, huko ng'ambo ya mto, walikuwa wakiingiza mifugo bila kujua walivyonusurika kuwa yatima.

Mwaka wa mafunzo ulipita, mtihani wa leseni ukapita, na jina lake likaingizwa miongoni mwa wauguzi waliosajiliwa. Habari hiyo ilimfikia kwa simu akiwa kazini, na ilibidi simu ilie kwa muda, maana mwenyewe alikuwa chini sakafuni akimfunga mzee mmoja kidonda cha unyayo, na hakuona sababu ya kumwacha katikati. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.