Tangi la Kalunde

"Omba upakuliwe, usifunue chungu." Methali hiyo mmeisikia leo maabara ya kompyuta, mwenzenu alipokemewa kwa kuchokonoa sehemu ya programu isiyo yake, na nyote mkacheka mkidhani ni maneno ya wapishi. Sasa mnataka kujua imetoka wapi. Imetoka humu humu chuoni, kwenye ndoo ya maji, na mimi nilikuwepo. Kaeni vizuri, maana sipendi kumsimulia mtu aliye mguu mmoja nje.

Wakati huo somo la kuunda programu lilikuwa la Mwalimu Kokusima, mama wa Kihaya mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kumfokea mwanafunzi na bado wote walimwogopa. Alifundisha kwamba programu nzuri ni kama nyumba yenye watu. Kila kitu ndani yake kina kazi yake na mali yake, na kingine kikihitaji jambo, kinakiomba. Wanafunzi waliyaandika maneno hayo vizuri sana kwenye mitihani. Kuyafuata ilikuwa habari nyingine.

Katika darasa lile alikuwamo Kalunde, binti wa Sikonge. Somo hilo alilifeli mwaka uliotangulia, akapewa nafasi ya kulirudia. Akifeli tena ni kudisko, anafunga begi anarudi nyumbani. Wenzake walilijua hilo, naye alijua kwamba wanalijua, kwa hiyo alifanya kazi zake kimya kimya. Nilimwonea huruma, lakini huruma haimpi mtu alama.

Kazi ya mwisho ilikuwa ya vikundi. Kalunde aliwekwa pamoja na Shomvi, kijana wa Bagamoyo mwepesi wa mikono na mdomo, na Edina, mpole, mtu wa kusubiri zamu. Wakaamua kutengeneza programu ya kugawa maji ya chuo. Kiangazi cha Tabora mnakijua wenyewe: mabweni yakishaoga, jiko linabaki na sufuria kavu. Kalunde akaandika sehemu ya tangi, Shomvi ya mabweni, Edina ya jiko. Tangi la Kalunde lilikuwa na sharti. Bweni likiomba maji, tangi kwanza litazame kama fungu la jiko litabaki. Kama halitabaki, likatae.

Siku ya kuonyesha kazi, nilikaa na walimu wenzangu kwenye viti vya mbele. Walileta ndoo wakaiweka juu ya stuli, ndiyo tangi lao. Mpira mmoja ulishuka hadi kwenye beseni, ndilo bweni, na mwingine hadi kwenye sufuria, ndilo jiko. Kila mpira ulikuwa na koki inayofunguliwa na kompyuta. Shomvi akabonyeza, maji yakaenda bwenini. Akabonyeza tena, yakaenda. Tulipendezwa. Ikaja zamu ya Edina. Jiko likaomba, na tangi likajibu kwenye skrini kwamba maji yapo, chukua. Koki ikafunguka. Halikutoka hata tone. Ndoo ilikuwa tupu, na skrini ikaendelea kusema maji yapo.

Kuna mtu alicheka huko nyuma. Mwalimu Kokusima akauliza tangi liliandikwa na nani, Kalunde akanyoosha mkono. Hapo nilisema moyoni, binti huyu tumempoteza.

Aliomba ruhusa ya kuangalia. Akaanza na kazi yake mwenyewe, kwa kuwa aliyewahi kufeli hujishuku kwanza. Hakuona kosa. Akafungua sehemu ya mabweni, akaliona. Shomvi hakuwa akiliomba tangi maji. Alikuwa ameingia ndani yake na kuifungua koki mwenyewe, kwa hiyo maji yalitoka bila tangi kujua, nalo likabaki linahesabu maji yaliyokwisha kwenda kana kwamba bado yapo. Kalunde angeweza kumtaja mwenzake papo hapo akajiokoa.

"Mwalimu, tangi halikuombwa," akasema. "Tumejichotea."

"Eleza."

"Kwetu mama akishapika, hakuna anayefunua chungu, hata baba. Unaomba, unapakuliwa. Wala si uchoyo. Mama ndiye anayejua kwamba kaka bado yuko shambani na bibi hajala. Ukijichotea utashiba, lakini mama ataendelea kuwaahidi wengine chakula ambacho hakipo."

Mwalimu Kokusima akamgeukia Shomvi, ambaye macho yake yalikwisha kumsaliti. "Na wewe, kwenu mnafunua vyungu?"

"Hapana, Mwalimu. Lakini tulipokuwa tukiijaribu, mimi niliomba kwanza. Tangi linasema hapana, basi. Halisemi kwa nini, wala nirudi lini. Nikaona limeharibika, nikapita njia yangu."

"Hilo ni kosa langu," akasema Kalunde. "Nimemweka mpishi bubu."

Mwalimu yule alikuwa na desturi yake: kikundi kinachotaja kosa lake chenyewe hupewa muda wa kulirekebisha kabla ya alama. Akawaambia warudi baada ya chakula cha mchana. Kalunde akalifunika tangi lake, koki zikawa mali yake ya ndani, na sehemu yoyote iliyojaribu kuzigusa ikaifanya programu nzima igome kuanza. Kisha akalipa tangi ulimi. Shomvi naye akafuta ujanja wake, akaandika ombi.

Waliporudi, bweni liliomba maji tele. Tangi likajibu: "Nakupa nusu. Yaliyobaki ni ya jiko." Shomvi akayasoma kwa sauti, akasema hata nyumbani kwao hajawahi kunyimwa kwa heshima namna hiyo. Edina akaomba ya jiko. Maji yakashuka kwenye sufuria, naye akayakinga kwa mkono kama mtu asiyeamini. Nilifurahi, sifichi.

"Kalunde," akasema Mwalimu Kokusima, "somo hili hutalirudia tena. Kitakachorudiwa ni maneno yako ya chungu, na nakuomba uyarudie mwenyewe mbele ya mwaka wa kwanza."

Binti akalia hadharani, na hakuna aliyecheka. Wiki iliyofuata alisimama mbele ya mwaka wa kwanza, na kwa kuwa si msemaji, akayafupisha maneno yake mpaka yakawa haya mnayoyasikia.

Basi ukinyimwa kitu cha ndani ya sehemu ya mwenzako, usimnunie. Pengine anamtunzia fungu mtu ambaye hajafika. Na wewe uliyeshika upawa, mwenzako akikuomba, mjibu. Omba upakuliwe, usifunue chungu.