Sinia Lililorudi na Mayai

Wapendwa, kabla hatujagawana kazi za Krismasi, nani apambe na nani apike, naomba mnisikilize kidogo. Palikuwa na mlezi mmoja wa watoto. Jina lake siwaambii, wala la mtaa wake, kwa sababu nawajua. Mkishapata jina mtaanza kumtafuta jirani anayefanana naye, na mfano wenyewe utawapita.

Mama huyu alikuwa na kituo cha kulelea watoto wadogo, wale ambao wazazi wao wakienda kazini hawana wa kumwachia. Alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo kwa moyo, msije mkadhani nawaletea mchawi. Aliwafuta watoto kamasi kwa khanga yake mwenyewe, na aliyelala bila kula alimwamsha akamlisha. Miongoni mwao alikuwemo binti mmoja wa Kiislamu, wa pekee pale, wa miaka mitano. Siku mama yake alipomleta hakuficha kitu.

"Mwalimu," alisema, "sala zenu ni zenu na zetu ni zetu, mwanangu usimfundishe za kwenu. Lakini kula ni kula na kucheza ni kucheza. Kwenye hayo usimtenge."

Mlezi akakubali, wakaagana vizuri. Je, kuna ugumu hapo? Mimi siuoni.

Ikafika Idi. Siku kituo kilipofunguliwa baada ya sikukuu, yule mama alidamka akapika upya, maana hakutaka kuwapelekea watoto viporo. Akaja na sinia la pilau ya kuku, kaimati pembeni, juu limefunikwa kawa. Alisema watoto nao wale Idi, akakimbilia kazini. Binti alibaki amesimama kando ya meza na gauni lake jipya, akimwambia kila aliyepita kwamba hicho kimepikwa na mama yake.

Mlezi akaandika kwenye kundi la simu la wazazi, ambamo yule mama hakuwemo kwa kuwa simu yake haikuwa na intaneti, kwamba leo kuna chakula cha Idi, kimeletwa na mwenzetu. Mpaka hapo alikuwa hajakosea. Baba mmoja akajibu upesi. Alikuwa mzee wa kanisa. Ndiyo, mzee wa kanisa, na msigeuke kuangaliana. Aliandika kwamba watoto wake wawili hawatakula kitu kilichosomewa dua, na kama kituo kimeanza mambo hayo atawatoa. Na siku ya Idi yenyewe, huyohuyo alikula biriani kwa rafiki yake wa kazini mpaka akalegeza mkanda. Wazazi wengine wakasoma, wakanyamaza. Wengi wao hawakuwa na neno na chakula kile, ila hakuna aliyeandika kwamba hana neno.

Mlezi akapiga hesabu za woga. Wakitoka wawili watafuata wanne, na kituo chake kitakufa. Sasa niwaulize, wale wawili hawakuweza kupewa uji wao wa kila siku, wenzao wakala pilau? Jambo dogo hilo lilihitaji neno moja, na yeye alilikosa. Alisubiri watoto watoke kucheza, akabeba sinia mpaka nyuma ya jiko. Pale ilikaa ndoo ya makombo, ambayo jirani aliipitia kila jioni akawalishe nguruwe wake. Akakung'utia humo pilau yote, na kaimati, mpaka punje ya mwisho. Alipogeuka, binti alikuwa mlangoni.

Hakulia. Mlezi alimwambia chakula kilikuwa kimechacha, naye akaitikia kwa kichwa. Kisha mlezi akalisugua sinia likang'aa, na kwa kuwa mnajua kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, akapanga mayai sita juu yake. Jioni mama alipokuja, alimkabidhi kwa mikono miwili na kumwombea Mungu amwongezee. Hakusema kwamba watoto wamekula. Aliyaachia mayai yaseme.

Tangu siku ile alikaa roho juu, akingoja mama aje kumpasukia. Wiki zikapita, miezi ikapita, na mama akazidi kumchangamkia. Basi mlezi akajiambia kwamba mtoto amesahau. Watoto husahau, si ndivyo tunavyojifariji tukishawaumiza?

Ikaja Desemba, siku ya kufunga kituo, na sherehe ya Krismasi. Wazazi walijaa, mzee wa kanisa yupo kiti cha mbele. Watoto wakaimba, na binti, kama mlezi alivyokubaliana na mama yake, hakuimba, alikaa akawapigia wenzake makofi. Ulipofika wakati wa chakula, mama yake akaingia. Mkononi ana sinia lilelile, limejaa mpaka kingo.

"Leo ni sikukuu yenu, nikaona nisije mikono mitupu," alisema. "Na mwanangu tangu Idi hajaacha kunisimulia. Anasema walikula wakamaliza, wakalamba na sinia, na mwalimu alikula kuliko wote. Kila nikipika ananisimulia."

Mtoto wa miaka mitano alikuwa amelibeba jambo lile peke yake miezi minane, ili mama yake asiumie. Mlezi alimtazama binti kwa aibu, kisha macho yakamkimbilia mzee wa kanisa, akamwona amekunja uso. Neno moja lilihitajika tena, safari hii mbele ya watu wote. Mlezi akapokea sinia, akashukuru, akasema ngoja akaliweke jikoni kwanza.

Binti akainuka, akamvuta khanga. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtoto anayetaka kusaidia kazi.

"Mwalimu, nikuletee ndoo?"

Mama akauliza ni ndoo ya nini. Binti alimtazama mlezi, akingoja aambiwe aseme nini. Mama akamshika mwanawe mkono, akamwambia amwonyeshe, wakaenda wote wawili nyuma ya jiko. Waliporudi, yule mama hakupandisha sauti.

"Nilikuletea mtoto umlee," alisema. "Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anakulea wewe."

Akachukua sinia lake na mtoto wake. Mwaka uliofuata, baada ya Idi, mlezi alifuta meza ile asubuhi na mapema, akawa anachungulia getini. Hakuja mtu.

Sasa, wapendwa, msinitajie yule mzee wa kanisa. Ubaya wake unaonekana, hata kipofu ataupapasa. Mimi naumizwa na wale walioshika simu siku ile, hawana neno, na neno lao hawakulitoa. Sisi ndio hao. Kila mwaka tunamsema vibaya yule mwenye nyumba ya wageni kule Bethlehemu aliyekosa nafasi. Mama wa watu hakuomba hata nafasi. Alileta chakula, nasi tukamfanya mtoto wake ajifunze kusema uongo kwa ajili yetu. Na mimi ninayesema hapa, jirani yangu huniletea sinia kila Idi, na Krismasi nafunga geti nile na wanangu. Nimelifunga miaka kumi na moja.

Haya, tugawane kazi. Najua wengi mtataka kupika. Lakini leo mkifika nyumbani, kabla hamjawasha moto, nendeni kwanza nyuma ya jiko mkaangalie ndoo. Kuna mtoto ameshaiona.