Hori Lilelile

Mwaka ule mvua iliruka bonde zima la Mkunguni, wanyama wakabakiwa na hori moja tu la mawe. Mwenye kiu hugonga ukingo mara tatu. Fuko, mchimbaji asiyependa jua, husikia huko chini ya ardhi, hufungua mfereji, na maji hutoka.

Mfereji ukaanza kuvuja. Fuko akachimba mwingine, kisha akamwita Fisi aliyekuwa akipita. "Ndugu yangu, jua linaniumiza macho. Waambie wenzetu nimebadilisha njia ya chini tu. Wao wagonge kama kawaida."

Kazi ndogo kiasi hicho, na bado akapewa Fisi!

Fisi alikusanya wanyama, akakohoa kwanza. "Usanifu wa ndani umefumuliwa," alisema. "Mfumo mpya hauwatambui. Kila mmoja alete nyama kwenye shimo la usajili, nyuma ya kichaka changu. Atakayegonga bila kusajiliwa ataukausha mfereji wote."

Simba hakuelewa hata neno moja, lakini aliitikia kwa kichwa, maana aliona aibu mfalme kuuliza. Akatoa paja zima la nyati. Waliotoa waliambiwa wafumbe macho na kuziba masikio, eti mfumo una haya. Fisi akagonga polepole, maji yakaja, na tumbo lake likazidi kunenepa.

Siku ya tatu akafika Swala na mtoto wake, ulimi umemkauka.

"Mimi nyama sina, Mzee Fisi. Nakula majani."

"Majani hayasajiliwi. Lakini unaye mtoto."

Swala alimkumbatia mtoto wake ubavuni, akalia mbele ya wote.

Sungura alisogea mpaka kwenye sikio la Fisi. "Mzee, huyo ni mifupa mitupu. Mimi nimekuletea paja la mbuzi, mafuta yanachuruzika. Nimelificha kwenye tundu la hori wasilione, sasa limekwama. Ukigonga kwa nguvu mara tatu, linadondoka."

Mate yakamjaa Fisi kinywani. Hakukumbuka shimo, wala usajili, wala macho yaliyokuwa yakimtazama. Akagonga ngo, ngo, ngo.

Maji yakamwagika mpaka yakafurika. Mtoto wa Swala alikuwa wa kwanza kutumbukiza mdomo.

Udongo ukatifuka, Fuko akatoa kichwa. "Afadhali leo. Siku zote hizi mnagonga kama mnaoiba. Au Fisi hakuwaambia kwamba kwenu hakuna kilichobadilika?"

Simba aligeuka taratibu. Fisi alikwisha kuuona mlima wa kando ya bonde na kuanza kuupanda, tumbo likiburuzika, na mpaka leo hunywa matope ya upande wa pili.

Huko Mkunguni, anayekuja na maneno makubwa kuhusu mambo ya chini ya ardhi husikilizwa kwa adabu mpaka amalize. Kisha Simba mwenyewe, bila aibu, humuuliza: "Sawa. Na sisi tugonge mara ngapi?"